Unashukia Wapi?

Mke wangu, Mama Asha, anasema bado napiga kafi usingizini. Anasema kuelekea alfajiri mkono wangu wa kulia hutoka ndani ya shuka, huvuta hewa, hurudi, huvuta tena, na kwamba ukiwa msimu wa mvua navuta kwa nguvu zaidi, hadi yeye anabanwa ukutani. Sijui kama ni kweli, maana Mama Asha ni mtu wa utani. Ninachojua ni kwamba ninapoamka mabega yananiuma kidogo, na kabla sijafungua macho nasikia mto wetu, Lualaba, ukipita chini ya kitanda, polepole, na sauti yangu ya zamani ikiuliza watu mmoja mmoja: unashukia wapi? Na wewe, unashukia wapi?

Ninyi vijana mnaovuka kila siku kutoka huku Alunguli kwenda Kasuku, ng'ambo ya pili, mnaniona nimekaa kwenye gogo langu karibu na bichi, pale mitumbwi inapogusa ukingo. Mnaniamkia, "Salamu, Babu Ramazani," mnapita na simu zenu mkononi. Labda mnafikiri nangojea mtu. Singojei mtu. Nimeuvuka mto huu maisha yangu yote ya kazi, na sasa nimeacha kuuvuka, lakini wenyewe haujaacha kunivuka mimi. Unaingia, unatoka, unaniachia kitu hiki na kile. Basi leo nataka niwape kidogo ya vile ulivyoniachia, na hasa habari ya swali lile moja. Msinidai mpangilio. Asubuhi za ukungu mto hauonyeshi ng'ambo, unaonyesha kile kilicho karibu tu, na kichwa changu siku hizi kiko vivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lukundo, Mgenya wa kuzaliwa, wa kabila la wavuvi wa mto huu, mtu aliyejua maji kabla ya kujua kutembea. Alikuwa na miguu myembamba na mgongo mpana, na nchi kavu alitembea vibaya, akiyumba, mpaka watu wageni walidhani amekunywa. Msimu mzima wa kwanza hakunigusisha kafi. Alinipa kopo, akaniambia kazi yangu ni kutoa maji yanayoingia ndani ya mtumbwi. Nilinung'unika. Yeye akanijibu kwamba mtu asiyejua mtumbwi wake unavujia wapi hana ruhusa ya kuuendesha. Nikachota maji hadi ngozi ya vidole ikawa kama ya mzee.

Halafu akanifundisha kupanda. Hili lisikieni vizuri, hata kama leo mnavuka kwa motere, kwa nguvu ya injini. Kosa la kila mgeni ni kwamba anaiona Kasuku mbele yake, ng'ambo, basi anaielekezea mtumbwi moja kwa moja. Mto unamchukua. Anajikuta chini kabisa kwenye matete, amechoka, anatukana. Sisi tunaanza kwa kushika ukingo wetu wenyewe, huku Alunguli, pale maji yamelala. Tunapanda dhidi ya mto, tunapanda, kama watu waliosahau kwamba wanataka kuvuka. Abiria mgeni huanza kugombana: "Papa, Kasuku njo kule! Munatupeleka wapi?" Tunamwacha aseme. Tukifika mahali petu tunageuza pua kidogo tu, halafu tunaacha mto nao ufanye kazi yake. Nusu ya safari ni ya mkono, nusu ni ya maji. Hapo katikati, kama umepima vizuri, kuna dakika ambayo mtumbwi unaelea wenyewe, kimya, hujui unakwenda au unakaa, na ng'ambo inakuja kwako taratibu. Ningeweza kuishi ndani ya dakika ile.

Sasa, upande wa Kasuku tulikuwa na bichi mbili. Kuna Bichi ya Soko, ambayo iko chini, ambako maji yanakupeleka bila taabu. Na kuna Bichi ya Mawe, juu, mahali akina mama wanapofulia nguo, karibu na shule. Ukitaka kushukia Bichi ya Mawe ni lazima upande ukingo mara mbili zaidi kabla ya kugeuza pua. Ndiyo maana swali lilikuwa linaulizwa kabla ya kusukuma mtumbwi. Ukishaanza kuvuka umeshakata shauri, hakuna kurekebisha katikati ya mto. Mzee Lukundo alikaa nyuma, kafi juu ya mapaja, akawauliza wote kwa zamu. Mwenye mawese: unashukia wapi? Mama wa mchele: unashukia wapi? Mwenye mbuzi aliulizwa, na Mzee Lukundo, kwa utani wake, alimgeukia na mbuzi pia akamwuliza. Mbuzi mmoja aliwahi kulia papo hapo. Mzee akasema, "Haya, muheshimiwa, Bichi ya Soko," na mtumbwi mzima ukacheka hadi maji yakaingia, nikapata kazi ya kopo.

Na aliyekaa nyuma, neno lake lilikuwa la mwisho. Hiyo ilikuwa sheria ya mto. Siku moja mkubwa mmoja wa ofisi, mwenye suti na mkoba, alibadili mawazo katikati ya maji. Akaamuru turudi juu, Bichi ya Mawe. Mzee Lukundo hakubishana naye. Alisimama, akanyoosha mkono, akampa kafi.

"Kamata, mukubwa. Mwenye anakaa nyuma njo anaamuru. Kuja ukae."

Mkubwa akaitazama kafi, akayatazama maji, akasema Bichi ya Soko pia ni pazuri. Alipofika alitushukuru kwa adabu sana. Nilimpenda tangu siku ile, maana si wote wanaojua kurudisha kafi.

Mmegundua ni nani sijamtaja? Watoto wa shule. Wao hawakuulizwa. Hawakuwa na mzigo, waliingia mwisho, wakakaa palipobaki, katikati ya magunia na miguu ya watu, na walishukia pale waliposhukia wakubwa. Haikuwa roho mbaya. Mzee Lukundo aliwapenda, aliwapa ndizi. Ilikuwa desturi tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, kama vile mtu haoni pua yake.

Halafu vita vikafika Kindu, mji wetu huu wa ng'ambo mbili.

Sitawaeleza vita. Wazee wenu wanavijua, na asiyevieleza labda ana sababu. Mimi nitasema ya mtoni tu. Mafuta ya motere yalikwisha. Kivuko kikubwa cha chuma kilifungwa ukingoni, kikakaa hadi majani yakaota juu yake, yakachanua maua madogo ya njano, na nakumbuka nilishangaa jinsi kilivyopendeza. Treni haikuja tena. Mji mzima ukarudi mikononi mwa watu wa mitumbwi. Mchele, chumvi, wagonjwa, maiti, harusi, vyote vilipita mbele ya magoti yetu.

Wanajeshi waliokuwa wameshika mji wakaweka bariyeri pale Bichi ya Soko, kamba na pipa na watu wenye bunduki. Sisi wapiga kafi tukakaa kikao. Tulikuwa wanaume watupu, na wengi wetu tulikuwa na ndevu. Tukakubaliana kwamba mitumbwi yote ishukie Bichi ya Soko tu, mbele ya bariyeri, ili wanajeshi watuone, wasidhani tunavusha kwa siri watu wa porini, wale wapiganaji waliokuwa wakipigana nao. Lilikuwa shauri la busara. Hata leo nikilirudia naona tuliwaza vizuri, kwa sisi.

Baada ya muda wasichana wa shule wakaanza kupungua. Wavulana walikuwa wachache tayari, wengi walikuwa wamefichwa na wazazi wao mashambani. Lakini wasichana walikuwa wakivuka kila asubuhi, na sasa leo hayupo huyu, kesho hayupo yule. Tulizungumza habari hiyo tukivuta tumbaku. Mmoja akasema wamechoka na masomo. Mwingine akasema wanataka kuolewa. Tulijua kila kitu, kama mnavyotujua wazee.

Katika wale wasichana alikuwapo Zaina, binti wa fundi wa baiskeli. Alipenda kukaa mbele kabisa, kwenye pua ya mtumbwi, na alitia mkono ndani ya maji safari nzima, akiufungua na kuufumba, akiangalia michirizi yake. Alikuwa mtoto wa ndoto, hakusikia ukimwita mara ya kwanza. Asubuhi moja tulimshusha Bichi ya Soko pamoja na wengine. Wengine walipita. Yeye walimzuia. Walimwambia achote maji, apike, afue. Niliona kamba ikishushwa nyuma yake, nikageuza mtumbwi kwa sababu abiria wa kurudi walikuwa wakiningojea. Jioni alirudi ndani ya mtumbwi wangu. Alikaa katikati, mikono ameikunja kifuani, na hakutia hata kidole ndani ya maji. Mimi sikumuuliza kitu. Hakuvuka tena. Wazazi wake walimpeleka Pangi kwa shangazi yake, na tukasikia ameolewa huko.

Rafiki yake alikuwa Salima, msichana mrefu, wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa serikali. Wakati ule mtihani ulikuwa unakuja na ulikuwa ufanyike Kasuku. Ukikosa kuvuka, basi, miaka yako yote ya shule imekwenda na maji. Salima alikuja bichi na wenzake, wamesimama nyuma yake kama kuku walionyeshewa mvua. Tulikuwa tunaziba nyufa za mitumbwi. Aliamkia vizuri, halafu akasema moja kwa moja.

"Papa Ramazani, muntu wa mawese munamuuliza fasi anashukia. Mama wa muchele munamuuliza. Mbuzi munamuuliza. Siye hamutuulize. Juu ya nini?"

Watu walicheka, kwa sababu ya mbuzi. Mzee Lukundo hakucheka. Aliweka chini nyundo yake.

"Haya, binti yangu. Unashukia wapi?"

"Ku Bichi ya Mawe."

Hapo kicheko kikaisha. Mmoja wetu akasema kwa ukali, "Unataka tupigwe masasi? Wasoda watasema tunapitisha watu wa pori!"

"Papa, pale sokoni njo wanatukamata," Salima akasema, na hakushusha sauti. "Zaina njo walimukamata pale. Wale wengine wote waliacha masomo juu ya ile bariyeri, haiko uvivu. Ku Bichi ya Mawe iko wamama wanafua tangu asubuyi. Wanafua na nguo za wasoda. Hakuna mwenye atatugusa mbele ya wamama wote wale."

Nilihisi aibu ikipanda shingoni, ya moto. Sisi tulijua kila jiwe la mto ule, tulijua maji yanageukia wapi. Hatukujua macho ya watu yako wapi. Wao walijua.

"Na wasoda wakiona mutumbwi unaenda juu?" Mzee Lukundo akamuuliza. Alimuuliza kweli, kama anavyouliza mtu anayetaka jibu.

"Tutavaa shati nyeupe za masomo. Hakuna muzigo, hakuna mwanaume, isipokuwa nyiye wenye kupiga kafi. Tungojee ukungu utoke, watuone. Na tutaimba. Muntu mwenye anajificha haimbake."

Lazima mwelewe jinsi neno lile lilivyokuwa geni kwetu. Miaka ile sisi tuliupenda ukungu. Tulijifunika nao, tulivuka ndani yake kimya, kafi ikiingia majini bila sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu. Na huyu mtoto anatuambia tungojee jua. Wazee wawili waliondoka palepale wakitikisa vichwa. Mzee Lukundo aliwaangalia wakienda, halafu akaniangalia mimi. Akasema yeye atakaa nyuma, na kama mimi nataka kukaa mbele, nafasi iko.

Siku ya kwanza ya mtihani tulingoja. Hamwezi kujua ugumu wa kungoja jua wakati umezoea kulikimbia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mzito, mweupe, na wasichana walikuwa wamekaa ndani ya mtumbwi na mashati yao meupe, kiasi kwamba huoni miili, unaona nyuso tu zikielea. Nilidhani naota. Kisha jua likapenya, ukungu ukaanza kunyanyuka vipande vipande, na Kasuku ikatokea ng'ambo, paa moja moja. Mzee Lukundo akauliza kama kawaida, akianza na yule mdogo kuliko wote. "Unashukia wapi?" Wakajibu mmoja mmoja, kwa sauti, Bichi ya Mawe, Bichi ya Mawe. Tukasukuma.

Tulipanda ukingo kwa muda mrefu. Mabega yaliwaka moto. Wakaanza kuimba wimbo wetu wa kafi, ule ambao mmoja anaita na wengine wanaitikia, na Salima ndiye aliyeita. Tukageuza pua. Tulipofika ile sehemu ya katikati, ninayoipenda, ambako mtumbwi unaelea wenyewe, nikamwona mwanajeshi ukingoni. Alikuwa anakimbia kutoka upande wa soko kuja juu, na bunduki ilikuwa imeshuka begani. Alipaza sauti. Hatukusikia maneno. Mtu mmoja ndani ya mtumbwi alianza kulia, lakini akalia huku anaimba. Nilipiga kafi na nilikuwa naogopa, nawaambia wazi. Ndipo niliposikia wimbo unatujibu. Akina mama wa Bichi ya Mawe walikuwa wamesimama, wote, ndani ya maji hadi magotini, wanaitikia. Mama mmoja mnene alikuwa ameshika suruali ya jeshi, mbichi, anaipunga juu ya kichwa chake kama bendera.

Mwanajeshi akasimama. Alikuwa kijana mdogo, huenda alikuwa wa umri wa wale tuliowabeba. Aliangalia mashati, akawaangalia akina mama, akaiangalia suruali, ambayo labda ilikuwa yake. Akarudisha bunduki begani. Sisi tukagusa mawe, na mikono ya wanawake ikawapokea watoto, mmoja baada ya mwingine.

Salima alishinda mtihani. Leo anazalisha akina mama Kasongo, na kila anayekuja Kindu kutoka huko ananiletea salamu zake. Tangu siku ile, hadi vita vilipokwisha, mtumbwi wa mashati meupe ulikwenda Bichi ya Mawe kila asubuhi, na wanajeshi wakauzoea. Wale wasichana waliopungua walirudi, karibu wote.

Zaina hakurudi. Amani ilipokuja nilikwenda Pangi kwa msiba wa ndugu yangu, nikamtafuta. Nilimkuta anauza karanga mbele ya nyumba yake, mama wa watoto, mnene kidogo, uso wake uleule wa kutosikia mara ya kwanza. Alinipa kiti. Tulizungumza habari za watu, nani yupo, nani amekufa. Nikamweleza habari ya mashati meupe, nilidhani itamfurahisha. Alisikiliza hadi mwisho, akichagua karanga mbovu kutoka kwenye sinia.

"Ile Bichi ya Mawe," akasema, "miye nilitaka kushukia kule tangu siku ya kwanza bariyeri ilifika. Mungeniuliza, Papa, ningewaambia."

Alisema bila hasira. Alinifungia karanga za njiani. Nilikaa nazo hadi Kindu, sikuweza kuzila.

Sasa niwaambie ya juzi, maana najua mnapenda ya leo. Mmeiona ile boti mpya ya chuma, yenye motere mbili na paa la turubai. Inapendeza, siwezi kusema uongo. Haina haja ya kupanda ukingo, inakata mto moja kwa moja kama kisu kwenye muhogo. Na kwa kuwa haina haja ya kupanda, swali letu likafa lenyewe. Hakuna anayeuliza. Unapanda, unashushwa. Komite ya kivuko ikaitisha mkutano Kasuku ili ipange boti itagusa wapi na saa gani, na mimi, kwa ajili ya mvi zangu, nikapewa kiti. Tayari ilikuwa inasemwa kwamba itagusa Bichi ya Soko peke yake, na kwamba safari ya mwisho itarudi wafanyabiashara watakapofunga.

Mjukuu wangu Neema anasoma Kasuku, karibu na Bichi ya Mawe. Kutoka sokoni hadi shuleni kwao ni mbali, asiye na nauli ya pikipiki anakimbia, na kengele ya pili ikilia mlango unafungwa. Nikaona kazi yangu imefika. Nilijitayarisha hotuba. Usiku na mchana niliipanga kichwani: boti iondoke alfajiri na mapema, watoto wawahi! Nikamsomea Neema nikiwa nimesimama, mkono mmoja kiunoni. Alinisikiliza, mdomo unamcheza.

"Babu, hotuba iko muzuri. Lakini nani alikuambia tunataka alfajiri? Siye tunaamuka tayari na majogoo."

"Munataka nini sasa?"

"Asubuyi iguse ku Bichi ya Mawe kwanza. Na jioni ingojee wale wanasoma muchana, kisha saa sita. Wanatoka, boti imekwenda, wanavuka na vile vitumbwi vinavuja. Siku moja mutoto atazama, Babu." Akanishika mkono. "Usitusemee. Utuulize tu, mbele yao."

Mnaona? Mimi, mwenye habari yote ile ya Salima na ya Zaina ndani ya kifua, bado nilikuwa nakwenda kule kukaa nyuma ya mtumbwi wao bila kuwauliza. Mama Asha alicheka hadi akakohoa.

Basi mkutanoni, zamu yangu ilipofika, nilisimama nikaomba ruhusa ya kufanya kazi yangu ya zamani kwa dakika chache. Mwenyekiti wa komite ni Papa Selemani, mtu wa mchele, mcheshi, niliyemvusha akiwa mdogo. Akaruhusu. Nikamuuliza yeye wa kwanza, kwa sauti ya bichi: "Papa Selemani, unashukia wapi?" Akacheka, akasema sokoni, si anajulikana. Nikamuuliza jirani yake, naye sokoni. Nikazunguka meza nzima, sokoni, sokoni, watu wanafurahi kama watoto. Halafu nikageukia mlangoni, ambako Neema na wenzake walikuwa wamesimama, kwa sababu waliambiwa watapewa majibu baadaye. Nikauliza, "Na ninyi, munashukia wapi?"

Sauti zilikuwa nyingi, zikagongana, ikabidi Papa Selemani awaambie waingie na wakae, waongee mmoja mmoja. Viti havikutosha. Wazee wawili walisimama wakawapisha, bila kuambiwa. Neema alisema yale aliyoniambia, na mvulana mmoja akasema mengine ambayo hata Neema hakuyajua, habari ya wale wenye magongo ambao hawawezi kupanda mawe yenye utelezi, wanataka ngazi ya mbao. Papa Selemani alikuna kichwa. Alisema mafuta ni ghali kwenda juu. Walibishana. Mchana ukapita. Mwishowe wakakubaliana wajaribu hadi mwisho wa msimu wa mvua, asubuhi Bichi ya Mawe kwanza, jioni ingojee, na Neema na yule mvulana wakae ndani ya komite, wenye neno, si wa kubeba viti. Kama itadumu sijui. Hiyo sasa ni juu yenu, na msimwachie Neema peke yake.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda. Mama Asha alinipigia pasi shati. Ukungu ulikuwapo, uleule. Niliingia ndani ya boti, nikakaa pembeni kama abiria, mikono yangu haina kazi, haikujua iwekwe wapi. Kabla motere haijawashwa, Neema alisimama mbele. Hatukupanga hilo, wala sikumfundisha. Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Mama, unashukia wapi? Na wewe, mudogo? Akapita magunia, akapita mabegi ya shule, akanifikia.

"Babu, na wewe, unashukia wapi?"

Nilikuwa nimeliuliza swali lile maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nikaangalia ng'ambo, ambako ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka, nikatia mkono ndani ya maji. Yalikuwa ya uvuguvugu.

"Bichi ya Mawe," nikamwambia. "Kuna mtoto sikumfikisha."